Kuunga Alumini kwa Msuguano

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mafundi wengi wa kuchomelea hapa Bagamoyo husema kwamba mahali palipochomelewa pana nguvu kuliko chuma chenyewe. Kwa chuma cha kawaida, kile cha mageti na madirisha, neno hilo lina ukweli wake, maana fundi hodari akichomelea vizuri chuma kitapinda au kukatika mahali pengine. Lakini neno hilo hilo likisemwa juu ya alumini laweza kumvunja mtu mguu. Nimekusudia kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwa nini iko hivyo. Kisha nitaeleza jinsi wataalamu walivyopata njia ya kuunga alumini pasipo kuiyeyusha, kwa kuisugua tu, na jinsi nguvu ya kiungo inavyotegemea vipimo vya kazi hiyo, yaani kasi ya kuzungusha, nguvu ya kusukuma, na muda.

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Alumini imetuzunguka pande zote. Sufuria za jikoni kwetu ni alumini, na fremu za madirisha ya nyumba mpya, na nyaya kubwa za umeme zipitazo juu ya minazi. Boti za Kilimanjaro zinazovusha abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja, ambazo wengi wetu wenye jamaa Visiwani tumezipanda, zimeundwa kwa alumini huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Hata kiwanda cha ALAF cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1960 na ambacho leo watu hukijua kwa mabati, kilipata jina lake kutokana na maneno Aluminium Africa.

Mwaka jana mjomba wangu, ambaye ni fundi wa rangi, alikuwa akipaka ukuta wa ghorofani katika nyumba moja ya mji wa zamani. Ngazi yake ya alumini ilikuwa imepata ufa, ikachomelewa na fundi mmoja kwa ujira mdogo. Ilikatika naye yu juu, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia, akakaa miezi mitatu bila kazi. Nilipoitazama ile ngazi niliona jambo la ajabu. Pale palipochomelewa palikuwa pazima kabisa, na kovu lake liking'aa. Ngazi ilikatika pembeni, kiasi cha upana wa kidole kutoka kwenye kovu. Mjomba alisema ni bahati mbaya. Mwalimu wetu wa Fizikia alipoambiwa alisema bahati haimo, na kwamba mtu aijuaye alumini angeweza kupaonyesha mahali pale kwa chaki kabla ngazi haijakatika. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali.

NGOZI YA ALUMINI

Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma, na watu husifu sana jambo hilo. Sababu yake ni kwamba mara tu alumini inapokutana na hewa hujifunika kwa ngozi nyembamba sana ya oksaidi, nyembamba hata jicho haliwezi kuiona. Ukiikwangua, ngozi nyingine huota papo hapo. Ngozi hiyo huilinda metali isiliwe na hewa, na ndiyo sababu sufuria hudumu hata katika hewa yetu ya chumvi.

Lakini kwa fundi wa kuchomelea ngozi hiyo ni adui. Alumini safi huyeyuka katika joto la digrii 660 za Sentigredi, ila ngozi yake haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 2,000. Basi fundi apashapo alumini moto, ndani huwa imekwisha kuwa maji na nje ngozi ingali ngumu, kama mfuko uliojaa uji. Vipande viwili vyaweza kukaa vimegusana, vyote vimeyeyuka ndani, wala visiungane. Tena alumini haina desturi ya kuwa nyekundu inapokaribia kuyeyuka. Chuma humwonya fundi kwa rangi yake, lakini alumini hubaki na rangi ile ile ya fedha, kisha ghafla huporomoka chini. Mafundi wengi wametoboa sufuria za watu kwa sababu hiyo tu.

Ziko taabu nyingine mbili. Ya kwanza, alumini hupitisha joto upesi mno, takribani mara tatu kuliko chuma safi, hata joto unalolitaka mahali pamoja hukimbilia kila upande. Ya pili, alumini iliyoyeyuka hunyonya haidrojeni itokayo katika unyevu, na inapoganda huitapika, na mapovu hubaki ndani kama matundu ya mkate. Huku pwani kwetu, ambako hata kitabu kikiachwa wazi usiku huamka kimelegea, unyevu hauna shida ya kupatikana.

Ngozi na mapovu vyaweza kushindwa na fundi mwenye mashine nzuri na gesi ya agoni. Ngozi huvunjwa kwa umeme, na gesi huzuia hewa isifike. Boti kubwa huundwa hivyo. Lakini ngazi ya mjomba haikukatika kwa ngozi wala kwa mapovu. Kisa chake ni kingine, na lazima kwanza tujue nguvu ya alumini yatoka wapi.

NGUVU YATOKA WAPI

Alumini safi ni laini sana. Ili ipate nguvu, huchanganywa na vitu vingine kidogo, na mchanganyiko huo huitwa aloi. Aloi moja maarufu yaitwa 6061, yenye magnesi na silikoni. Ngazi nyingi hufanywa kwa aloi hiyo au ndugu zake.

Kuchanganya peke yake hakutoshi. Aloi hiyo ikiwa laini huvumilia mvuto wa megapaskali 125 hivi kabla ya kukatika. Ili izidi, hupashwa moto hadi digrii 530 hivi, huzamishwa ghafla katika maji, kisha hukaa tanuri lenye joto la digrii 160 au 170 kwa muda wa saa nyingi. Baada ya hapo huvumilia megapaskali 310 hivi. Tuliweke jambo hili kwa mizani. Ufito wenye ukubwa wa sentimita moja ya mraba, ukiwa laini, utakatika kwa mzigo wa tani moja na robo. Ufito huo huo ukiisha kutiwa joto kwa utaratibu utabeba tani tatu na zaidi. Magnesi na silikoni ni zile zile, wala uzito wa ufito haukubadilika hata chembe.

Kilichobadilika ni mpangilio wa ndani. Metali inapovutwa, tabaka zake ndogo huteleza moja juu ya nyingine. Lile joto la tanuri huzifanya magnesi na silikoni kuungana na kuwa chembe ndogo mno, nyingi mno, zilizotawanyika kila mahali, nazo huzuia tabaka zisiteleze. Mfano wake ni uzio wa kunasia samaki. Fito zikichomekwa karibu karibu, samaki hapiti. Sasa mtu azing'oe fito zote zile, azifunge mafungu makubwa machache, ayachomeke mbali mbali. Fito hazikupungua hata moja, lakini samaki watapita wapendavyo. Ndivyo ilivyo ndani ya aloi ikipashwa joto kupita kiasi. Zile chembe ndogo hukusanyana na kuwa kubwa na chache, na palipo karibu zaidi na moto huyeyuka ndani ya metali na kupotea. Tabaka hupata njia, na metali hurudia ulaini wake.

Basi fundi alipochomelea ngazi, pale pa kovu palipata metali mpya, tena nene. Lakini pembeni mwa kovu, upana wa kidole huku na huku, alumini ilipashwa joto kali bila kuongezewa kitu. Uzio wake ulivunjwa. Macho hayaoni tofauti yoyote. Rangi ni ile ile na ugumu wa kugusa ni ule ule. Kanuni za uchomeleaji za Marekani huihesabu aloi ya 6061 iliyochomelewa kwa umeme kuwa na megapaskali 165 tu badala ya 310. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kupiga hesabu hiyo: imebaki nusu na kidogo juu yake. Na hiyo ni kazi ya fundi aliyepimwa na kupasishwa. Ngazi hiyo ingeweza kurudishwa tanurini ipate nguvu yake tena, lakini nani aliye na tanuri la urefu wa ngazi?

Kwa hiyo swali la wataalamu lilikuwa hili: tutaunga vipi alumini kwa joto dogo iwezekanavyo, mahali padogo iwezekanavyo, na kwa muda mfupi iwezekanavyo?

KUZUNGUSHA NA KUSUKUMA

Kwamba msuguano huleta joto si habari mpya kwetu. Wazee walipata moto kwa kupekecha, kwa ulindi na wimbombo. Na fundi wa majahazi aliyetoboa ubao kwa keekee alijua kwamba akiuvuta uta kwa kasi bila kukandamiza, ubao hutoa moshi na tundu haliendi mbele. Akikandamiza mno na kuvuta polepole, ncha hukwama au kuvunjika. Kasi na mgandamizo hapana budi vipatane. Fundi huyo hakuandika hesabu yake mahali popote, lakini hesabu ya mashine nitakazozieleza ni hiyo hiyo. Tulijifunza darasani kwamba kazi ni kani mara umbali. Kani ya msuguano ikizidi, au umbali unaosuguliwa kila sekunde ukizidi, joto litazidi.

Namna ya kwanza ya kuunga kwa msuguano ni ya vitu vya mviringo, kama fito na mabomba. Mwaka 1956 fundi wa kukereza wa Urusi ya Kisovieti, A. I. Chudikov, alionyesha kwamba mashine ya kukereza yaweza kuunga fito mbili za metali. Ufito mmoja hushikwa na kuzungushwa, wa pili hushikwa usizunguke na kusukumwa uso kwa uso na wa kwanza. Mwanzoni nyuso hukwaruzana. Kisha joto hupanda, metali hulainika kama donge la unga uliokandwa, na huanza kufurika pembeni na kufanya ukosi kuzunguka kiungo. Hapo mashine husimamishwa ghafla, na fito husukumwa kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, mpaka zipoe. Huko kusukuma kwa mwisho ni sawa na nyundo ya mhunzi anapofua. Hakuna kilichoyeyuka.

Na ngozi ya oksaidi imekwenda wapi? Hapa nawaomba wasomaji waende jikoni siku ya chapati. Chukueni madonge mawili ya unga uliokandwa, mkayapake unga mkavu. Mkiyagusanisha hayashikani, maana unga mkavu uko katikati. Sasa yagandamizeni huku mkiyapotoa. Ule uso wenye unga mkavu utasukumwa nje pembeni, na unga mbichi wa ndani utakutana na mwenzake na kushikamana. Katika mashine ni vivyo hivyo, ngozi kuukuu hutoka pamoja na ule ukosi, na alumini safi hukutana na alumini safi bila hewa kupata nafasi ya kuingia. Ukosi hukatwa baadaye.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana ndiyo shabaha ya somo hili. Tuseme ufito una kipenyo cha milimita 20 na wazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Ukingo wake huenda mwendo wa mita 1.57 kwa sekunde. Nusu ya njia kuelekea katikati, mwendo ni nusu ya huo. Na katikati kabisa? Ni sifuri. Kitovu cha ufito hakisugui kitu, kama vile kitovu cha gurudumu la baiskeli kisivyoenda mbio. Joto la kitovu hapana budi lisafiri kutoka ukingoni. Basi muda wa kusugua ukiwa mfupi mno, ukingo utaungana na kitovu kitabaki vipande viwili vilivyogusana tu. Mtu akiutazama kwa nje atausifu. Ukivutwa, utakatika kwa mzigo mdogo, na uso wake wa ndani utaonekana umekwaruzika katika duara la katikati.

Muda ukizidi mno, hasara ni ile ya ngazi. Alumini hupitisha joto upesi, kwa hiyo kila sekunde inayoongezwa hupeleka joto nyuma zaidi katika fito, na sehemu iliyolainika hupanuka. Kwa sababu hiyo aloi zenye kutiwa nguvu kwa tanuri huungwa aghalabu kwa kusukuma kwa nguvu na kwa muda mfupi, joto lipatikane upesi na kazi iishe kabla halijasambaa. Mwendo mkubwa pamoja na msukumo dogodogo huonekana kuwa njia ya upole, lakini kwa alumini ndiyo njia ya kuiharibu.

Msukumo wa mwisho nao una mpaka wake. Ukiwa dhaifu, mabaki ya ngozi hubaki ndani ya kiungo. Ukiwa mkali mno, metali yote iliyolainika hukamuliwa nje ikawa ukosi, na kinachokutana ndani ni alumini iliyo baridi. Tena msukumo huo ukija kabla mzunguko haujasimama, kiungo kinachoanza kushikana hupasuliwa kabla ya kukomaa.

Kazi za njia hii ziko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Vali za injini za magari nyingi zimeungwa hivyo, kichwa cha chuma cha namna moja na shina la namna nyingine. Mabomba ya kuchimbia visima virefu huungwa na vichwa vyake hivyo. Na kwenye nyaya za umeme viko viunganishi ambavyo upande mmoja ni shaba na upande wa pili ni alumini, ili waya wa alumini uungwe na chombo cha shaba. Hivi ndivyo vinavyonifurahisha kuliko vyote, maana shaba na alumini zikiyeyushwa pamoja hufanya kitu kigumu kinachovunjika kama kigae. Kwa msuguano, kigae hicho chaweza kuzuiwa kisipate unene, mradi muda uwe mfupi. Vipimo vikikosewa kidogo, kigae huota.

KIJITI KINACHOTEMBEA

Njia ya Chudikov haifai kwa mabamba mapana. Bamba la ubavu wa boti haliwezi kuzungushwa kama ufito. Jibu lilipatikana mwaka 1991 katika taasisi ya TWI, karibu na Cambridge, Uingereza, ambako Wayne Thomas na wenzake walibuni njia ya kukoroga.

Mabamba mawili hulazwa ukingo kwa ukingo na kubanwa kwa nguvu juu ya meza ya chuma. Chombo kigumu cha chuma, chenye bega pana na kijiti kifupi katikati, huzungushwa na kushindiliwa kwenye mstari wa maungio mpaka kijiti kizame na bega liguse mabamba. Joto la msuguano huilainisha alumini, kwa kawaida baina ya digrii 400 na 500, yaani chini ya kuyeyuka. Kisha chombo huanza kutembea kufuata mstari, kikikoroga alumini ya kulia na ya kushoto kuwa kitu kimoja, kama mwiko katika sufuria ya ugali, na bega likifunika na kushindilia nyuma yake.

Hapa vipimo vikubwa ni vinne: mizunguko kwa dakika, mwendo wa kutembea, nguvu ya kushindilia, na kuinama kwa chombo, ambacho mara nyingi huinamishwa nyuma digrii mbili au tatu. Viwili vya kwanza husomwa pamoja. Chombo kikizunguka mara 1,000 kwa dakika na kutembea milimita 200 kwa dakika, kila mzunguko mmoja hukisogeza milimita 0.2. Tukipunguza mizunguko iwe 500 bila kugusa mwendo, kila mzunguko utakisogeza milimita 0.4. Katika hali ya pili kila milimita ya mabamba imekorogwa nusu ya mara za kwanza, nayo itakuwa baridi zaidi.

Ikiwa baridi mno, alumini haitiririki vizuri kuzunguka kijiti. Nyuma yake hubaki handaki jembamba, ndani kwa ndani, kama njia ya mchwa katika mlango. Juu ni laini na pazuri. Ikiwa moto mno, alumini hufurika kando ya bega, mahali pa maungio huwa pembamba, na ulaini husambaa. Wazee hutuambia polepole ndiyo mwendo, lakini kwa kazi hii hata polepole huharibu, maana chombo kinachokawia mahali pamoja hupika alumini iliyo jirani.

Nguvu ya kushindilia na urefu wa kijiti huamua jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la hatari kuliko mengine. Kijiti hufanywa kifupi kidogo kuliko unene wa bamba, kisije kikaungua pamoja na meza. Kikiwa kifupi mno, au kisiposhindiliwa vya kutosha, chini kabisa hubaki utepe mwembamba ambao haukukorogwa. Nyuso mbili zimebanana pale kwa karibu sana hata mashine ya kupigia picha za ndani yaweza kupita bila kuona kitu. Lakini hazikuungana. Kipande cha jaribio kikikunjwa huku sehemu ya chini ikiwa nje, utepe huo hufunguka kama kitabu. Kwa hiyo viwandani hukata vipande vya mfano na kuvikunja, na vingine kuvivuta mpaka vikatike, kabla ya kuruhusu vipimo fulani vitumike kwenye kazi yenyewe.

Je, njia hii imeondoa ulaini uliovunja ngazi? La, haikuuondoa, na nimeona afadhali nilinene hili wazi kwa sababu baadhi ya wenzangu walipoisikia habari hii walidhani ni dawa kamili. Digrii 450 zatosha kabisa kuuharibu uzio wa aloi ya 6061. Wakipima ugumu kwa kuchoma vidoti kutoka bamba moja hadi la pili, hupata mchoro unaoshuka pande zote mbili za maungio na kupanda kidogo katikati, na kiungo kikivutwa hukatikia aghalabu katika mojawapo ya mabonde yale mawili. Kilichopatikana ni kwamba mabonde si marefu wala si mapana kama ya moto wa umeme, na fundi aweza kuyapunguza kwa kuchagua mwendo mzuri. Hasara hiyo imekuwa kitu cha kupimwa na kuhesabiwa tangu mwanzo.

Aloi nayo ina neno lake. Waundaji wa boti hupenda aloi ya 5083, ambayo nguvu yake haitoki tanurini, bali kwenye magnesi nyingi na kukandwa kwa rola. Hata ikilainika kabisa kwa joto huvumilia karibu megapaskali 290, kwa hiyo hupoteza kidogo tu. Kwa upande mwingine ziko aloi za ndege, kama 7075, yenye nguvu ya megapaskali 570 hivi, ambazo zikiyeyushwa hupasuka zinapoganda. Ndiyo maana abiria akitazama ubavu wa ndege huona safu za ribiti, wala haoni makovu ya kuchomelea. Njia ya kukoroga yaweza kuziunga hata aloi hizo, kwa kuwa haiziyeyushi. Kiwanda cha Haugesund huko Norway kilianza kuunga mabamba ya vyombo vya baharini kwa njia hii mwaka 1996. Roketi ya Marekani ya Delta II iliruka mwaka 1999 ikiwa na sehemu iliyoungwa hivyo. Na Wajapani huunga hivyo mabehewa ya magari moshi yaendayo kasi.

Kwa wenzangu wapendao kazi ya mikono, nasema mambo haya si ya kuangaliwa kwa mbali. Pale Mbegani kuna chuo cha Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Teknolojia iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957. Na mzazi atakayepeleka kitu cha alumini kwa fundi, hasa kitu cha kubeba mtu, amwulize kwanza ni aloi gani na nguvu yake hutoka wapi. Fundi asipojua, sufuria yaweza kuchomelewa. Ngazi ikatwe ifanywe ngazi fupi.

Limebaki jambo dogo ambalo lilinipa taabu kulielewa mpaka Mwalimu alipolichora ubaoni. Chombo kikifika mwisho wa mstari hapana budi kinyanyuliwe, na kijiti kikitoka huacha tundu la ukubwa wake, maana hakuna alumini iliyobaki nyuma ya kulijaza. Kiungo chema kitakuwaje na tundu mwishoni? Viwandani hufunga kipande cha alumini cha ziada mbele ya ukingo wa mabamba, na chombo hupitiliza mpaka ndani ya kipande hicho ndipo kinyanyuliwe. Kisha kipande hukatwa kwa msumeno, kikiwa na tundu lake, na kutupwa katika sanduku la chakavu.